Daftari la Zamu: Niliyojifunza Nikihudumia Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Ukuaji

Watu wakisikia niliwahi kuhudumia watu wenye ulemavu wa ukuaji, swali linalofuata karibu kila mara ni, "Hao watoto wana umri gani?" Nawajibu kwamba mdogo kuliko wote alikuwa amevuka ishirini, na mkubwa wao alikuwa na mvi nyingi kuliko baba yangu. Hapo hunyamaza kidogo, kisha wengine huuliza kwa mshangao wa kweli: "Kumbe huwa wanazeeka?"

Wanazeeka. Nchini Marekani, mwaka 1983, mtu aliyezaliwa na sindromu ya Down alitarajiwa kuishi takriban miaka 25. Siku hizi ni karibu 60, hasa kwa sababu kasoro za moyo ambazo wengi huzaliwa nazo hufanyiwa upasuaji mapema, na kwa sababu hawatupwi tena kwenye taasisi kubwa za kuwafungia kama zamani. Miili imezeeka, ila vichwa vya sisi tunaowatazama vimebaki pale pale, na mengi niliyoyaona yakienda kombo kazini yalianzia hapo. Mtu mzima akitazamwa kama mtoto mkubwa, hakuna anayemuuliza kitu, na mwili wake ukilalamika tunasema anadeka.

Sikuingia kwa wito. Nilihitaji kazi, na hii haikudai cheti kirefu. Nilidhani nitaosha, nitalisha, nitavisha, nitabadilisha nepi, halafu nirudi nyumbani nikiwa hoi. Hayo yote yapo, na mikono huyazoea ndani ya wiki chache. Kinyaa nacho huisha upesi kuliko unavyofikiri, kwa hiyo kama ndicho kinachokuzuia kuomba kazi hii, kisikuzuie. Kinachochukua muda ni kumsoma mtu asiyeweza kukwambia kinachomsibu.

Ulemavu wa ukuaji ni jina la jumla la hali zinazoanza kabla mtu hajawa mtu mzima na zinazodumu naye maisha yake yote: ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down na nyinginezo. Katika nyumba niliyofanyia kazi hapakuwa na mtu mwenye hali moja peke yake. Aliyekuwa na mtindio wa ubongo alikuwa na kifafa pia. Mwenye usonji hakuwa akisema neno, lakini alielewa kila tulichosema, pamoja na tuliyoyasema tukidhani haelewi. Hili la mwisho lishike mapema. Wafanyakazi wengi huzungumza juu ya kichwa cha mtu kana kwamba ni kabati, wakieleza choo chake na hasira zake mbele yake. Anasikia.

Siku za mwanzo nilipewa mafaili nisome. Mmoja wao, ambaye nitamwita mzee wa redio kwa sababu redio yake hakuiachia hata chooni, faili lake lilimtaja kuwa mkaidi, mpigaji, asiyependa kuguswa. Walioyaandika hayo walikuwa wameshaacha kazi zamani. Nilikuja kumwelewa kwa dada yake, mama mtu mzima aliyekuwa akimtembelea. Alinikalisha chini akasema, "Mwanangu, usimwendee kwa nyuma. Kaa upande wake wa kulia, sikio la kushoto halisikii vizuri. Mwambie unachotaka kufanya, halafu unyamaze, uhesabu moyoni mpaka kumi. Usirudie." Faili zima halikuwa na sentensi hata moja yenye manufaa kama hiyo. Kuna watu ambao neno huwachukua muda mrefu kulipokea na kulipangia jibu, na ukirudia kwa maneno mengine kabla hawajamaliza, unawaanzishia kazi upya. Anayeitwa mkaidi mara nyingi yuko katikati ya kujibu.

Kwa hiyo ukipangiwa mtu, mtafute aliyemjua kabla yako. Muulize: akikataa anakataaje? Akiumwa anafanya nini? Kitu gani hakukivumilia tangu utotoni? Akiachwa bila kusumbuliwa na mtu anapenda kufanya nini? Hili la mwisho watu husahau kuliuliza, na ndilo litakalokuonyesha mtu mwenyewe.

Sasa daftari. Kila zamu ilipoisha tuliandika yaliyotokea. Nilipolifungua mara ya kwanza nikakuta kurasa kwa kurasa za sentensi ileile: "Ameamka vizuri, amekula, alikuwa sawa." Alikuwa sawa, alikuwa sawa, alikuwa sawa. Kisha mzee wa redio akaanza kujipiga makofi usoni na kurusha sahani. Wafanyakazi wakasema hulka yake ya zamani imerudi, na msimamizi akapendekeza aongezewe dawa ya kumtuliza. Muuguzi mmoja mkongwe wa zamu ya usiku akaomba kwamba kabla ya hapo, kila tukio liandikwe kwa namna nyingine: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, nini kikafuata, na saa ngapi. Akatukataza neno "mkali". Alitaka tuandike kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukiona kwa macho: "Alijipiga shavu la kushoto kwa kiganja, kijiko kilipogusa meno."

Kurasa zilipojaa, jambo lenyewe likajitokeza bila msaada wa mtaalamu yeyote. Ilikuwa wakati wa kula, zaidi kwa kitu baridi, siku zote upande mmoja, na usiku akilazwa chali. Jino. Daktari wa meno alikuta usaha kwenye mzizi. Lilipong'olewa, makofi yakakoma. Mtu huyu alibakiza kidogo tu azibwe mdomo kwa dawa za akili kwa sababu ya jino bovu, na asingekuwa na njia ya kutuambia.

Nimelirefusha hili kwa makusudi, maana kama kuna kitu kimoja ningependa uondoke nacho ni hiki: tabia inapobadilika ghafla, anza na mwili. Meno, masikio, kiungulia, mkojo unaochoma, maumivu ya hedhi, mfupa uliovunjika bila mtu kuona, nyonga zilizochoka kwa mwenye mtindio wa ubongo. Madaktari wana udhaifu unaojulikana na ulioandikwa sana katika taaluma yao wenyewe: huuona ulemavu kwanza, kisha kila dalili wanaibandika hapo. "Hawa ndivyo walivyo," utaambiwa. Jibu lako liwe daftari. Mweleze daktari kawaida ya mtu huyu ikoje, kilichobadilika ni nini, na kimeanza lini. Usiseme "hana raha". Sema "alikuwa akilala usiku kucha, tangu wiki iliyopita anaamka saa nane akilia, na hagusi chakula kigumu". Na kabla ya yote, daktari amsalimie mgonjwa mwenyewe. Ukiona anakusalimia wewe, mgeukie mgonjwa wako umtambulishe.

Uingereza wana karatasi wanayoiita pasipoti ya hospitali: ukurasa au kurasa chache zinazoeleza mtu anavyowasiliana, anavyoonyesha maumivu, dawa zake, vitu vinavyomdhuru, na namna ya kumtoa damu bila vita. Huhitaji ruhusa ya serikali kuiandika. Iandike leo, maana siku ya dharura hutakuwa wewe kwenye zamu.

Kuhusu choo, msomaji anayekula aahirishe aya hii. Kufunga choo ni jambo la kawaida sana kwa watu hawa: hawatembei vya kutosha, maji hawanywi ya kutosha, na dawa nyingi wanazotumia, zikiwemo za akili na baadhi ya za kifafa, huufanya utumbo uende polepole. Utumbo ukiziba kabisa, mtu anaweza kufa. Mtego wake ni kwamba aliyeziba mara nyingine hutoa majimaji yanayopenya pembeni ya kile kilichokwama, na mhudumu asiyejua huandika "anaharisha" na kuomba dawa ya kuzuia. Hapo unaongeza kizibo juu ya kizibo. Rekodi ya choo ilionekana kwangu kama udhalilishaji mpaka nilipoona tumbo la mtu likiwa gumu kama meza. Tangu hapo nikawa mtu wa kuuliza habari za choo bila aibu.

Dada mmoja mwenye sindromu ya Down, aliyekaribia hamsini, alinifundisha upande mwingine wa jambo hili. Alikuwa mchangamfu, akipanga meza mwenyewe, akijua vitu vya kila mtu vinakaa wapi. Kidogo kidogo akaanza kusimama mlangoni mahali rangi ya sakafu ilipobadilika, akakataa kuvuka. Akaacha kupanga meza. Akawa analia jioni. Wenzangu wakasema amechoka na watu, amekuwa mvivu. Ukweli ni kwamba wenye sindromu ya Down hubeba nakala ya ziada ya kromosomu ya 21, na kwenye kromosomu hiyo ndipo ilipo jeni inayotengeneza protini ambayo mabaki yake hurundikana katika ubongo wa wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu taratibu. Ndiyo maana ugonjwa huo huwapata wengi wao miongo kadhaa kabla ya watu wengine, na mara nyingi dalili za mwanzo ni kubadilika kwa hulka au kupoteza ustadi, hata kabla ya kusahau majina. Ile sakafu aliiona kama shimo.

Lakini usikimbilie huko pia. Tezi ya shingo ikizembea, masikio yakijaa nta, mtoto wa jicho, sonona, kukoroma kunakokata pumzi usiku: yote hufanana na kusahau kwa uzee, na yote yanatibika. Dada huyu alipopimwa alikutwa tezi imelegea. Akapewa dawa, akachangamka kiasi, akarudi kwenye nyimbo zake. Sakafu ilibaki shimo. Vyote viwili vilikuwepo. Shida yetu kubwa hospitalini ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika alikuwa akiweza nini miaka mitano nyuma, maana daftari lilisema alikuwa sawa. Kama unahudumia mtu mwenye sindromu ya Down aliyefika miaka thelathini, andika sasa anachoweza: kufunga vifungo, kuhesabu pesa, kupanda ngazi. Mpige video fupi kwa ridhaa yake. Utakuja kuihitaji.

Chakula. Wahudumu wapya hudhani hatari ya kula ni kukabwa na kipande kikubwa, na kweli ipo. Ile ya kimyakimya ni kupaliwa: chakula au mate yakipita njia ya hewa kidogo kidogo, wengine bila hata kukohoa, hadi mapafu yanashika nimonia. Macho yakimwagika machozi wakati wa kula, sauti ikiwa na majimaji baada ya kunywa, homa za kifua zikirudiarudia, omba mtaalamu wa umezaji amwone. Mkalishe wima, wewe ukae usawa wa macho yake. Ukimlisha umesimama atainua kidevu ili akuone, na kidevu kikiinuka njia ya hewa inafunguka. Kijiko kidogo, usubiri ameze, ndipo kingine. Asilazwe kwa nusu saa hivi baada ya kula. Na apigwe mswaki, kwa sababu bakteria za kinywani ndizo zinazosafiri na mate kwenda mapafuni. Nilishangaa kujua kwamba mswaki ni kinga ya nimonia. Kasi ya kulisha, kwa kweli, ndiyo kipimo changu cha nyumba yoyote ya huduma: nipeleke saa ya chakula na nitakwambia kama watu wanatendewa kama watu.

Kifafa nitakipitia kwa ufupi kwa kuwa kanuni zake hazina mjadala. Tazama saa kwanza. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike kumzuia, usimtie kitu chochote mdomoni. Ulimi haumezeki, ila kijiko unachokitia kitavunja meno yake na vidole vyako. Mtetemo ukipungua mlaze ubavu. Ukivuka dakika 5, au ukifuatwa na mwingine kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, au umemkuta majini, hiyo ni dharura ya hospitali. Wengine wameandikiwa dawa ya dharura, kama midazolamu ya kuwekwa ndani ya shavu, na hiyo ujifunze kuitumia kabla ya zamu ya kwanza, ukiwa na mtu anayekuonyesha. Asiachwe peke yake kwenye beseni la kuogea. Na kidonge cha kifafa kilichorukwa ni mojawapo ya sababu za kawaida za mtu kuanguka, kwa hiyo "nilisahau dawa ya asubuhi" ni sentensi ya kusemwa palepale, bila kuficha. Msimamizi anayewagombeza watu kwa kusema ukweli kuhusu dawa anatengeneza watu wa kuficha. Zipo pia dawa zisizofaa kusagwa, zile zilizotengenezwa ziyeyuke polepole: ukizisaga mtu anapata dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Muulize mfamasia.

Nikirudi kwenye utu uzima. Kuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Kwetu ilikuwa sera kamili. Nguo zilipangwa na mfanyakazi, saa ya kulala ilipangwa na mfanyakazi, chaneli ilichaguliwa na mfanyakazi ambaye timu yake ilikuwa inacheza. Kijana mmoja mwenye ulemavu wa akili wa wastani alitaka kujitengenezea kinywaji chake cha moto asubuhi. Akakataliwa kwa miaka kwa sababu angeungua. Mtaalamu wa tiba ya kazi, yule anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku, alikuja akaleta fremu ya kuinamishia birika bila kulinyanyua, akamfundisha kujaza nusu tu. Aliungua kidole mara moja. Nami naungua vidole jikoni kwangu na hakuna anayenipokonya birika. Msimamizi alitaka zoezi lisimame, kijana akalia, dada mmoja wa zamu akasimama kumtetea, na mwishowe birika likabaki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtu huyu ana haki sawa na wengine mbele ya sheria na apewe msaada wa kuamua. Cha 19 kinasema anayo haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Cha 23 kinagusa ndoa na familia. Niliyasoma hayo nikiwa nimeshafanya kazi kitambo, na hakuna aliyenipa kuyasoma. Nilivipachika ukutani chumba cha wafanyakazi. Vilibanduliwa, nikavirudisha.

Mapenzi yapo pia, hata kama familia hazitaki kusikia. Watu wazima wana miili ya watu wazima. Anayehitaji faragha apewe faragha, anayehitaji kufundishwa maana ya ridhaa afundishwe kwa picha na maneno mepesi. Wanaonyanyaswa zaidi ni wale wasiofundishwa kitu. Hata wakati wa kuoga, sema kabla ya kugusa: "Sasa naosha mgongo." Funga mlango. Sehemu isiyooshwa ifunikwe taulo. Anayeweza kujiosha mwenyewe sehemu za siri aachiwe, hata akichukua dakika ishirini. Mtu aliyezoeshwa kumtii kila anayemvua nguo hatajua lini akatae, na wapo watu wabaya wanaotafuta kazi hii kwa sababu hiyo hiyo.

Pesa zake ni zake. Chukua risiti ya kila kitu, hata kidogo, na isainiwe na watu wawili. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliouona kazini ulianzia kwenye fedha ndogo zisizo na risiti, na aliyefukuzwa, mpaka leo naamini, hakuiba.

Gharama kwa upande wako. Mgongo kwanza. Usimnyanyue mtu mzima peke yako eti kwa sababu una nguvu au mwenzako amechelewa; dai mashine ya kuinulia na shuka la kutelezeshea, na ukinyimwa andika kwamba umenyimwa. Vijana waliojivunia misuli ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka na maumivu ya kiuno. Omba chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza. Mtu akikung'ata mkono, usiuvute kwa nguvu, maana nyama ndiyo itakayochanika. Sukuma kidogo kuelekea mdomoni, taya litalegea. Mshahara ulikuwa mdogo, na kila niliyekutana naye kwenye kazi hii analalamikia hilohilo. Usingizi wa zamu za usiku haulipwi na mtu.

Kisha hasira. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakasirika kiasi kile. Umemsafisha mtu, umemvisha, anakutemea mate usoni saa tisa usiku, na ndani yako kinapanda kitu kinachokutisha. Kuna usiku niliwachukia. Nilichoambiwa na yule muuguzi mkongwe, na kilichonifaa, ni kutoka: hakikisha yuko salama, mwite mwenzako, toka nje ya chumba, nawa uso. Anayekaa ndani kuonyesha kwamba hashindwi ndiye atakayemshika mtu vibaya. Na hapa sitaki mzaha: kumlaza mtu kifudifudi na kumkalia au kumkandamiza mgongo ili atulie kumeua watu sehemu nyingi duniani, kwa sababu kifua hakiwezi kupanuka. Anayepiga kelele "siwezi kupumua" hafanyi maigizo. Ukiona mwenzako anafanya hivyo, mwondoe kwanza, mengine yatafuata.

Mama wa mzee wa redio alipofariki, familia iliamua asiambiwe. Ataumia, walisema. Nasi tukanyamaza. Aliendelea kukaa dirishani siku ya kutembelewa, wiki baada ya wiki, na alipoanza kuvunja vitu daftari likajaa. Dada yake ndiye aliyekuja hatimaye, akamshika mikono akamwambia kwa maneno mafupi: mama amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, si kosa lako. Hakusema amelala wala amesafiri, maana aliyelala huamka na aliyesafiri husubiriwa. Akampeleka kaburini. Alilia sana, kisha akaacha kukaa dirishani. Watu hawa wafiwe kama watu wengine, wapelekwe mazishini, wapewe kitu cha marehemu cha kubaki nacho. Ukimficha, unamnyima sababu ya huzuni ambayo tayari anayo.

Hilo hilo lihusu kuondoka kwako. Wahudumu huja na kutoweka, na wengi wa watu hawa wameachwa mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Nilipoamua kuacha, tulichora kalenda ukutani tukawa tunafuta siku kwa pamoja. Mmoja alikataa kunisalimia mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa haki yake.

Kwa wewe unayefikiria kuomba kazi ya namna hii, siku ya usaili nawe uliza maswali. Usiku tutakuwa wangapi? Ni nani atakayenifundisha kuhusu kila mtu, na kwa muda gani kabla sijaachwa peke yangu? Mtu akinipiga nikaumia, kinafuata nini? Mashine ya kuinulia iko wapi, na inafanya kazi? Halafu omba kuonyeshwa daftari la zamu, majina yakiwa yamefunikwa. Soma kurasa chache. Ukikuta humo kuna saa, kuna upande wa shavu, kuna alichokikataa na alichokicheka, chukua kazi hata kama malipo yana walakini. Ukikuta "alikuwa sawa" kutoka juu mpaka chini, shukuru kwa muda wao, katafute pengine.